Kuelewana redioni kati ya rubani na mnara: mwongozo kwa wanaoruka Tabora na Kigoma

Kusikia vibaya redioni hakukwepeki. Injini inanguruma, masafa yana wasemaji wengi, na sikio hupenda kusikia lile lililotarajiwa. Linalowezekana ni kulikamata kosa kabla halijafika kwenye usukani, na pa kulikamatia ni pale rubani anaporudia agizo huku mwongoza ndege akimsikiliza.

Kabla ya kubonyeza kitufe, sikiliza masafa sekunde mbili tatu. Redio za ndege hutumia AM, kati ya megahezi 118 na 137, kwa hiyo wawili wakiongea kwa mpigo husikika mluzi, au mwenye nguvu humfunika mwenzake. Tenerife, kisiwa cha Hispania, tarehe 27 Machi 1977, ujumbe wa mnara na wa ndege ya Pan Am uligongana hivyo hivyo katika redio ya ndege ya KLM iliyokuwa inaanza kukimbia kwenye njia ya kurukia. Watu 583 walikufa. Tangu hapo neno "take-off" hutamkwa tu pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Kwingine kote sema "departure".

Ukishabonyeza, tulia kidogo ndipo uongee, la sivyo silabi ya kwanza itakatwa. Taja unayemwita, jina lako la wito, ulipo, mwinuko, kisha unachotaka. Mwendo usizidi maneno 100 kwa dakika. Ukimaliza, hakikisha kitufe kimeachia: kikinasa, kinaziba masafa kwa wote, na mwenye nacho ndiye wa mwisho kujua.

Maagizo haya lazima yarudiwe, yakifuatiwa na jina la wito: ruhusa ya safari, ruhusa ya kuingia, kuvuka, kutua, kuruka au kusubiri nje ya njia ya kurukia, mwinuko, uelekeo, mwendokasi, QNH (shinikizo la hewa linalowekwa kwenye kipimo cha mwinuko) na namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada). "Roger" maana yake nimepokea, basi. Haithibitishi namba yoyote. Mwongoza ndege aliyetoa mwinuko akajibiwa "roger" adai marudio bila kuona haya, na asiinue simu wala kuanza kuandika jambo jingine hadi ayasikie yote. Ndani ya ndege, marubani wawili wakisikia tofauti wasibishane wala kupiga kura. "Say again" (rudia) inamaliza ubishi kwa sekunde tano.

Namba ndizo zinazoua. Februari 1989, karibu na Kuala Lumpur, ndege ya mizigo ya Flying Tiger iliambiwa "descend two four zero zero", yaani ishuke hadi futi 2,400. Marubani walisikia "to four zero zero", yaani hadi futi 400, wakarudia "four zero zero", na hakuna aliyewasahihisha. Waligonga kilima, wote wanne wakafa. Kinga yake ni kutamka "altitude" kabla ya namba, kisha "two thousand four hundred feet", badala ya kutaja tarakimu moja moja. Kwa QNH, kila hektopaskali uliyokosea ni karibu futi 28 za mwinuko. Anayesikia 1015 badala ya 1005 anashuka kuelekea Kigoma, penye vilima kando ya ziwa, akiwa chini kwa takriban futi 280 kuliko kipimo chake kinavyoonyesha.

Kuna mtego mwingine ambao ni wetu wenyewe: saa. Redioni hutumika UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa tatu. Wakala akikupigia simu kwamba abiria watakuwa tayari saa sita mchana, ukaandika 0600, umekosea kwa saa tatu. Jibu ni 0900. Kwa saa za mchana ongeza tatu kwenye saa ya Kiswahili, kwa saa za usiku ongeza kumi na tano (ikifika au kuzidi ishirini na nne, toa ishirini na nne). Kwenye karatasi ya safari usichanganye mifumo hiyo; andika UTC peke yake.

Tabora hadi Kigoma ni karibu km 350 hewani. Ukiruka futi 2,000 juu ya ardhi, mawimbi ya VHF, yale ya redio ya ndege, hufika kama km 100, hivyo katikati ya safari unaweza usisikike na mnara wowote. Huo si ubovu wa redio. Toa taarifa ya mahali ulipo kabla hujaingia eneo hilo, panda juu ukiweza (futi 10,000 hukupa zaidi ya km 200), au mwombe rubani aliye juu yako akufikishie ujumbe. Redio ikifa kweli, kagua sauti, plagi za hedseti na masafa, kisha weka transponda 7600, namba ya kuonyesha redio imekufa.

La mwisho ni adabu. Tumezoea kuomba kwa kuzunguka, na redioni uungwana huo unaficha hatari. Januari 1990 ndege ya Avianca iliishiwa mafuta ikielekea kutua New York, watu 73 wakafa. Marubani walisema mafuta yanakwisha, ila "Mayday", neno la kutangaza dharura, halikutamkwa. "Minimum fuel" ina maana huwezi tena kucheleweshwa, lakini bado si dharura. Ukikadiria kwamba utatua ukiwa na chini ya akiba ya mwisho, dakika 30 kwa ndege ya tabaini au 45 kwa ya pistoni, tamka "Mayday, Mayday, Mayday, fuel", kisha ulipo na dakika za mafuta zilizobaki.