Kabla hamjapanda basi kumpeleka mgonjwa kupasuliwa ini

Barua ya rufaa, kadi ya bima, picha za CT na majibu ya damu: mfuko mmoja, uushike mwenyewe, usiuache kwenye buti la basi. Sweta za Mbeya, moja inatosha, Dar ni joto. Dawa za kuyeyusha damu anazotumia, mtajieni daktari mapema. Na mitishamba pia. Najua mmemnywesha, macho yalipogeuka njano kila jirani alileta chupa yake. Semeni tu.

Mkiambiwa awekewe kwanza mrija wa kutoa nyongo, msinung'unike kwamba mnacheleweshwa. Nyongo isipofika kwenye utumbo, mwili haunyonyi vitamini K vizuri, na bila hiyo damu haigandi inavyotakiwa.

Sasa hili la matundu. Baba mdogo alikutwa na saratani ya mirija ya nyongo ndani ya ini. Tuliposikia atapasuliwa kwa matundu madogo na kamera, tukalegea. Tukampeleka na msindikizaji mmoja, hela ya siku nne, na hakuna ndugu aliyetoa damu. Mchana daktari akatoka: ameona afungue tumbo, uvimbe uko karibu mno na mshipa mkubwa. Hakukosea. Karatasi tuliyosaini ilisema hilo linaweza kutokea, ila nani aliisoma? Ndipo simu zikaanza kwenda nyumbani Tukuyu, viazi vikauzwa kwa bei ya hasara vingali shambani, na binamu yangu akawa anaomba damu kwa watu asiowajua. Baba mdogo alilazwa wiki mbili. Kwa hiyo ulizeni: "Matundu yakishindikana?" Kisha jipangeni kwa upasuaji mkubwa. Hela ikibaki, mtarudi nayo.

Ulizeni pia ini litakalobaki ni kiasi gani. Ini hukua tena, lakini lenye afya linahitaji kubaki angalau robo hivi. Lililochoshwa na pombe au homa ya ini, zaidi ya hapo. Akilalamika bega baada ya matundu, msishtuke sana: ni gesi waliyojaza tumboni, ingawa mwambieni nesi. Anaweza kuandikiwa vidonge vya saratani kwa miezi sita, basi nauli za kliniki zitengwe tangu sasa.

Wakati wa kurudi, kona za mlima Kitonga zitamtikisa. Mpeni mto aukumbatie tumboni. Homa, macho kurudia njano, kidonda kuvuja, tumbo kujaa: hospitali, hata kama ni usiku na mvua ya Rungwe.