Jinsi ya kuomba ruzuku ya mradi wa kusoma na afya ya akili kwa vijana wa Nairobi

Maombi mengi ya vikundi vya Eastlands yamepita mikononi mwangu. Yanayounganisha usomaji na afya ya akili huwa na maelezo matamu, ila bajeti haijui kitakachotokea kijana akisema anataka kufa. Ndiyo maana hatua ya 3 ni ndefu.

Hatua ya 1: Karatasi

Sajilini kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, mfungue akaunti ya benki. Kama hamna hesabu zilizokaguliwa, wakfu kubwa hazitawapa fedha moja kwa moja. Tafuteni shirika litakalowapokelea, na mkataba utaje asilimia litakayokata.

Hatua ya 2: Pimeni usomaji

Msibuni mtihani. Kipimo cha usomaji kiitwacho Uwezo, kilichoanza kutumika Kenya mwaka 2009, kinampandisha msomaji kutoka herufi au silabi hadi maneno, aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha madarasa ya chini. Mpimeni kila mmoja faraghani. Kijana wa miaka 16 hatakubali kukwama mbele ya wenzake.

Hatua ya 3: Afya ya akili

Wafadhili hupenda PHQ-9, fomu ya kupima dalili za sonona: maswali 9, kila jibu alama 0 hadi 3. Mwenye 10 au zaidi anahitaji kuonwa na mtaalamu. Fomu peke yake haitoi jina la ugonjwa. Swali la 9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kama hamna la kufanya siku hiyo hiyo, msiitumie fomu hiyo kabisa.

Kwa hiyo ombi litaje nani anapigiwa simu, kijana anakaa na nani wakati wa kusubiri, anapelekwa kliniki gani, na mzazi anaambiwa na nani. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure, lakini haichukui nafasi ya mtu aliyepo chumbani. Waelezeni vijana pia kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Hofu ya polisi huwafunga wengi midomo.

Je, lazima vikao viongozwe na daktari? Hapana. Shamiri, shirika la afya ya akili ya vijana nchini Kenya, liliwatumia vijana waliotoka tu shule ya upili kuongoza vikao vya wiki 4, na utafiti wake wa 2021 kwa wanafunzi 413 ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Lakini viongozi hao walisimamiwa.

Hatua ya 4: Bajeti

Anzeni na malipo ya mshauri nasaha anayewasimamia viongozi wa vikao, nauli ya kijana na mzazi hadi kliniki, na salio la simu. Kisha vitabu, uji na mandazi. Mfadhili akihoji uji, teteeni uji. Kompyuta zingoje.

Hatua ya 5: Idhini

Walio chini ya miaka 18 wanahitaji idhini ya mzazi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu. Majina na alama za PHQ-9 zisikae karatasi moja. Picha za vikao vya ushauri msimpe mtu. Mfadhili anayezing'ang'ania hawafai.

Hatua ya 6: Tumeni

Ahidini idadi ya vijana mtakaowafuatilia hadi mwisho, msiahidi kuponya. Mkikataliwa, ombeni maoni ya waliolisoma ombi. Wengine hujibu.