Jinsi ya kumpa mtawala dhalimu sababu anayoiamini mwenyewe

Muswada wangu wa kwanza wa fantasia ulikuwa na mfalme aliyecheka kila alipochoma kijiji. Mhariri aliandika pembeni: "Kwa nini?" Sikuwa na jibu. Siku hizi nafuata hatua hizi kabla hata sijachora ramani.

Hatua ya 1: Tafuta hofu yao

Uroho mtupu haudumu vizazi vitatu. Jiulize watawala wanaogopa nini kitatokea wakilegeza kamba. Katika mji ninaouandika sasa, inaaminika kwamba taa ya mnarani ndiyo inayozuia bahari isipande. Mafuta yake hukamuliwa na watu wa bondeni, nao ni marufuku kuhama. Hakuna aliye hai aliyewahi kuiona taa imezimwa.

Hatua ya 2: Wape maji ya kunawa mikono

Hapa ndipo ninapokaa sana. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, akimtaja mwanafalsafa Aristotle, anasimulia kwamba huko Sparta, dola ya Ugiriki ya kale, maefori, wakuu 5 waliochaguliwa kila mwaka, walikuwa wakiingia madarakani wanawatangazia vita Wahiloti, watumwa waliowalimia mashamba. Lengo lilikuwa kwamba Msparta akimuua mmoja wao asihesabiwe kuwa ametenda dhambi. Tazama vizuri: mtu asiyejali dhambi hahitaji tangazo. Dhamiri wanayo, ila wameitafutia kibali.

Nikalipeleka wazo hilo mjini kwangu. Kila mwaka mpya mzee wa mnara hushuka bondeni pekupeku, hupiga magoti matopeni na kuomba radhi. Hulia, na machozi ni ya kweli. Akishafuta uso, karani husoma idadi ya mitungi inayodaiwa.

Hatua ya 3: Andika kamusi kabla ya sheria

Mfano tunao nyumbani. Pwani yetu iliwagawa watu kuwa waungwana na washenzi, na neno "ustaarabu" lenyewe asili yake ni kujifanya kama Mwarabu. Tunalitumia kila siku bila kulikagua. Basi buni maneno kama kumi hivi ya namna hiyo. Mimi watu wa bondeni nimewaita "watoto wa taa". Na mtoto haombwi ruhusa anapoogeshwa.

Hatua ya 4: Waache watende wema fulani

Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa mwenyeji wa mkutano wa Brussels wa kupinga biashara ya utumwa, 1889 hadi 1890. Miaka hiyohiyo ya tisini, Kongo aliyoimiliki ilikuwa ikikamuliwa mpira kwa bunduki na kwa mikono iliyokatwa. Usimpe mtawala wako unafiki wa wazi. Mpe shule, au zahanati, ajivunie.

Hatua ya 5: Tafuta muumini miongoni mwa wanaokandamizwa

Bila yeye, unahitaji askari kila mlango. Wangu ni bibi mmoja mkamuaji, vidole vimekwisha kukakamaa. Mjukuu anamuuliza:

"Bibi, mbona juzi ukungu ulifunika taa usiku kucha, na bahari haikupanda?"

Bibi anamfinya paja.

"Nyamaza. Wewe hukumwona mzee alivyolia."