SOMO: Mtu amezimia kisimani. Namna ya kumtoa bila kuzika wawili

Wakuu, salaam. Mvua zikikaribia simu yangu hailali, na swali ni lile lile: "Mtu kazimia ndani ya kisima, tunashukaje?" Nimeona niandike mara moja, atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Mimi ni muuguzi kwenye gari la wagonjwa, Newala. Someni leo, kwa sababu siku yenyewe ikifika hamtakuwa na muda wa kusoma.

Ninaposema kisima nina maana ya kile cha mvua cha huku juu uwandani: shimo limesakafiwa saruji uani, maji ya bati yanaingia, juu pana mdomo mdogo na mfuniko. Nyie wa Mikindani, Lindi na Kilwa wenye visima vya kuchota, na yeyote mwenye choo cha shimo, hatua ni hizi hizi.

Kwa nini Oktoba na Novemba? Ndipo watu wanaposafisha tope ili kisima kipokee maji mapya. Tope lililooza limekaa miezi kwenye giza, mfuniko umefungwa, hewa haizunguki. Halafu fundi anashusha pampu ya petroli humo humo ndani ili inyonye maji machafu. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na haina pa kutokea.

Hatua ya 1. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Sema: "Mtu yuko ndani ya shimo, amezimia, tunahitaji mitungi ya hewa na kamba." Kisha piga kituo cha afya.

Hatua ya 2. Zima pampu kama inazimika kutoka juu. Sigara, jiko na kibatari viondoke.

Hatua ya 3. Fungua mifuniko yote. Mwenyekiti wa kitongoji au mgambo awasogeze watu nyuma, maana ukingo wenye watu ishirini huporomoka.

Hatua ya 4. USISHUKE. Hapa ndipo watu wanapofia, kwa hiyo nitakaa hapa.

Habari inayojirudia mikoa yote ni moja. Fundi anashuka, ananyamaza. Mdogo wake anadhani ameteleza, anashuka, naye ananyamaza. Jirani mwenye nguvu anafuata. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilitoa onyo kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye mashimo na matangi ya namna hii walikuwa waokoaji. Waliokufa wengi walikuwa wamekuja kusaidia.

Sababu ni kwamba mwili haukupi onyo. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 10, mtu anaanguka kabla hajatambua kwamba anaishiwa pumzi. Kaboni monoksidi inashika damu mahali pa oksijeni. Miguu inalegea ukiwa bado unajiona mzima. Ile gesi ya mayai viza inayotoka kwenye tope na vyoo ni mbaya zaidi: ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa. Kwa hiyo harufu ikikatika ghafla, usidhani gesi imeisha.

Onyo kwa ndugu wa aliyemo ndani: mtu mmoja amshike mkono kila ndugu, asimwachie. Baba akimwona mwanawe chini hasikii maneno. Msimkemee. Mpeni kazi: aite jina la mwanawe bila kuacha. Aliye chini akijibu, hata kwa kuguna, tumejua yu hai.

Onyo kwa wenzangu wa gari la wagonjwa: mtungi wetu wa oksijeni na barakoa ya mgonjwa havikuruhusu kushuka. Barakoa ile inavuta hewa ya pembeni. Anayeshuka ni mwenye mtungi wa hewa wa zimamoto mgongoni, kamba yake mwenyewe kiunoni, na watu wa kumvuta wakiwa juu tayari. Kama vifaa hivyo havipo, kazi yetu ni mdomoni mwa kisima. Najua inauma kusimama pale. Simama.

Hatua ya 5. Peleka hewa chini. Feni ukiielekeza kwenye mdomo tu haifiki popote. Inahitaji bomba linalokaribia chini. Hata nailoni nene ikishonwa kama mkono mrefu inafaa. Feni ikae mbali na mdomo, upande upepo unakotoka, maana mvuke wa petroli huwaka kwa cheche. Hakuna umeme? Funga tawi lenye majani mengi kwenye kamba, lishushe na kulipandisha bila kukoma. Hilo linampunguzia aliye chini adha. Halikupi wewe ruhusa ya kushuka.

Hatua ya 6. Kamba. Akiwa na fahamu, mtupie kamba yenye kitanzi kisichojikaza, aipitishe chini ya makwapa, mikono ishuke na viwiko vibane mbavu. Akiinua mikono atachomoka njiani. Weka gunia ukingoni ili saruji isiikate kamba. Miti mitatu na roda ni bora kuliko mikono ya watu. Akiwa hana fahamu na maji yapo, ile ndoano ya kuopolea ndoo ikinasa mkanda au shati inaweza kuinua uso wake juu ya maji hadi zimamoto wafike. Kuhusu shingo: kama anaishiwa hewa, mtoe kwanza, shingo itafuata.

Hatua ya 7. Akishatoka, mbali na mdomo. Angalia pumzi. Kama alizama na hapumui: pumzi 5 kwanza, kisha kandamiza kifua mara 30, pumzi 2, endelea. Tumia ambu (mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa kwa mkono), si mdomo kwa mdomo, kama shimo lilinuka. Msimning'inize kichwa chini na msimkamue tumbo. Mnapoteza dakika na matapishi yanaingia mapafuni. Nguo mbichi zitoke, afunikwe khanga kavu. Oksijeni lita 15 kwa barakoa yenye mfuko, na simu itangulie hospitali, iwe Ndanda au Ligula, wajiandae.

Maswali karibuni.

Kijana_wa_Tandahimba: Sijasoma yote mkuu, ila kisima chetu ni kifupi tu, mita tatu. Si mtu anabana pumzi anashuka fasta?

Mwandishi: Soma yote. Hatua ya 4. Unambeba mtu mzima aliyelegea huku umebana pumzi? Utavuta hewa, na pumzi hiyo moja inatosha.

Mzee_Mkwezi: Mwanangu, shikamoo yako naipokea hata kama hujaitoa. Sisi tulishusha kibatari. Kikizimika hatushuki, kikiwaka tunashuka. Hakuna aliyekufa.

Mwandishi: Shikamoo mzee wangu, naomba radhi. Kibatari hakikuwadanganya kilipozimika. Moto huzimika oksijeni ikifika asilimia 16 au 17 hivi, kwa hiyo kikizimika hapafai kabisa. Tatizo ni kinapoendelea kuwaka. Zama zenu hapakuwa na pampu za petroli humo ndani. Kaboni monoksidi ikifika sehemu 1,200 kati ya milioni inahesabiwa hatari kwa uhai, na kibatari kitawaka vizuri kabisa. Na kama petroli imemwagika, kibatari ndicho kitakacholipua. Naomba uwaambie vijana wa kwako, wewe watakusikia kuliko mimi.

Mzee_Mkwezi: Marahaba. Hilo la pampu nimelielewa. Nitawaambia.

Mnufaika: Kwa nini tusifungulie tu mtungi wa oksijeni tuushushe chini? Si ndiyo anayoikosa?

Mwandishi: Swali zuri, na wauguzi wenzangu huliuliza. Kwanza, oksijeni tupu ikikutana na petroli na pampu ya moto, cheche ndogo inakuwa moto mkubwa. Pili, mtungi wa gari letu ni mdogo kwa shimo zima. Utaisha, na mgonjwa akitoka hutakuwa na kitu cha kumpa. Hewa ya kawaida ya feni ni nyingi, haiishi, na inaisukuma gesi nje. Oksijeni itunze kwa ajili ya hatua ya 7.

Mama_Korosho: Sisi tuna mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Inapuliza kwa nguvu. Inafaa?

Mwandishi: Hapana, dada. Injini yake ni ya petroli, moshi unatoka karibu na inapovutia hewa, kwa hiyo utapeleka sumu ile ile chini. Na vumbi la salfa lililobaki linawaka na linachoma macho na kifua. Iacheni shambani.

Mwanafunzi_Uuguzi: Samahani, nipo mwaka wa pili. Tulipokea mgonjwa aliyevuta moshi wa jenereta, kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kikasoma 98. Tukamwona mzima, ila alikuwa anatapika na kichwa kinamuuma. Kwa nini?

Mwandishi: Hili kila muuguzi alijue, asante kwa kuuliza. Kifaa cha kawaida cha kidoleni kinasoma rangi ya damu, na damu iliyobeba kaboni monoksidi kinaiona sawa na iliyobeba oksijeni. Kwa hiyo 98 haina maana kwa mgonjwa wa moshi. Amini historia: alikuwa wapi, injini gani, wangapi wengine wanaumwa kichwa. Mpe oksijeni ya juu hata kama namba ni nzuri. Kwa hewa ya kawaida mwili unachukua saa 4 hadi 5 kupunguza gesi hiyo nusu. Kwa oksijeni kamili ni kama saa moja na dakika ishirini. Na kama ni mjamzito, usimwachie mapema, mtoto tumboni anaumia zaidi ya mama.

Mchimbaji_Ruangwa: Kwenye mashimo ya dhahabu je? Baada ya baruti tunasubiri moshi uonekane umeisha.

Mwandishi: Moshi unaouona ukiisha, usiouona upo. Baruti nayo inaacha kaboni monoksidi na gesi zinazochoma mapafu, na hizo za mapafu zinaweza kumlaza mtu saa nyingi baadaye akiwa ameshakwenda nyumbani. Pulizeni hewa kwa bomba kabla ya kushuka, na aliyevuta moshi ule aende hospitali hata kama anajisikia vizuri.

Fundi_Bomba: Hata hapo chini hamna mafuriko, mbona lazima pampu ishuke? Nani aliwaambia?

Mwandishi: Hakuna aliyesema lazima ishuke. Soma tena utangulizi, ndicho ninachokikataza.

Fundi_Bomba: Nilisoma haraka, samahani. Basi niongeze la kwangu. Pampu ya kuvuta inafanya kazi hadi kina cha mita 7 hivi. Visima vingi vya uani havifiki huko. Kaeni na pampu juu, nunueni mpira mgumu wa kuvutia, siyo ule laini unaojibana. Na bomba la moshi lielekee mbali na mdomo.

Mwandishi: Hili ndilo nililokuwa nalitafuta, fundi. Mpira huo mgumu unapatikana kwa bei gani madukani Masasi au Mtwara mjini?

Fundi_Bomba: Bei inapanda na kushuka, nitauliza kesho. Wakati mnamwaga zege la mfuniko mpya, acheni pia mdomo wa pili upande wa pili ili hewa ipite, na mdomo mkuu uwe na upana wa kupitisha mtu mwenye mtungi mgongoni. Mingi niliyoikuta haipitishi.