Kufunga bimu kwenye nguzo ya bomba lenye zege: piga hesabu ya ukuta kwanza, bolti baadae

Wengi wakipewa kazi ya kuunga bimu ya chuma kwenye nguzo ya bomba la mraba lililojazwa zege swali lao la kwanza ni "tuweke bolti ngapi, za saizi gani". Swali zuri ila sio la kwanza, bolti za siku hizi zina nguvu sana, kinacholegea mapema mara nyingi ni ukuta wa bomba lenyewe.

Tuchukue mfano tuelewane. Bimu inaleta momenti (nguvu ya kupindisha) ya kNm 60, na kutoka bolti za juu mpaka sehemu ya chini inayogandamizwa ni mita 0.3, ukigawanya unapata mvuto wa kN 200, bolti mbili za juu zinagawana, kila moja kN 100. Bolti ya M20 (kipenyo mm 20) gredi 8.8 (chuma chake kina nguvu ya N/mm² 800) ina eneo la mm² 245 kwenye nyuzi zake, kwa hiyo kwa Eurocode 3 (kanuni za Ulaya za majengo ya chuma) inabeba mvuto wa 0.9 x 800 x 245 / 1.25 (hiyo 1.25 ni ya usalama), kama kN 141 hivi. Kwenye kukatwa unaweka 0.6 badala ya 0.9, inakuja kN 94. Alafu kuna mzigo wa bimu kushuka chini, tuseme kN 80 kwa bolti nne, kila moja kN 20, sasa changanya: 20/94 + 100/(1.4 x 141), jibu kama 0.72, iko chini ya 1, bolti imepita. Na hapo ndo watu wanafunga daftari.

Usifunge bado. Hizo kN 200 zinavuta ukuta wa bomba kwenda nje, na kama bomba ni la 200 x 200 lenye unene wa mm 6 ukuta utaanza kutuna mapema sana kabla bolti haijasikia chochote. Zege la ndani linakusaidia upande unaosukumwa, maana ukuta hauna pa kuingia, ila upande unaovutwa zege haling'ang'anii chuma kiasi cha kuzuia kisibanduke. Dawa ya kwanza ni unene: uwezo wa bati kukinza kupinda unaenda na mraba wa unene, ukitoka mm 6 kwenda mm 12 umepata mara nne. Ni ghali, najua.

Dawa ninayoipenda zaidi ni bolti ndefu ya kupita upande mpaka upande. Ukiivuta huku, nati ya kule nyuma inakandamiza ukuta wa nyuma juu ya zege, na zege kugandamizwa ndo kazi yake. Toboa matundu ya mm 22 pande zote mbili bomba likiwa bado chini, pitisha paipu ya PVC ili zege lisishike bolti, na kama kuna bimu za pande nne pishanisha levo, vinginevyo bolti zitagongana katikati. Kabla ya kumwaga zege kaza kwa mkono tu!! Ukiweka spana ya nguvu bomba likiwa tupu kuta zinaingia ndani na haitanyooka tena. Subiri matokeo ya kyubu (kipimo cha nguvu ya zege), kisha kaza kwa toki (nguvu ya kuzungusha nati) iliyoandikwa kwenye mchoro.

Pale ambapo huwezi kupitisha, kuna bolti za kufunga kwa upande mmoja kama Hollo-Bolt, zinatanuka zenyewe kwa ndani. Angalia tu tundu lake, M20 inataka mm 33, yaani unakula ukuta mwingi na umbali wa kutoka pembeni unabadilika. Pale University of Nottingham walitengeneza aina yenye mkia mrefu na nati mwishoni, huo mkia unajichimbia kwenye zege na mvuto hauishii ukutani peke yake. Hii lazima ifungwe kabla ya kumwaga.

Kwenye kumwaga sasa, bolti na paipu zinazuia kokoto, kwa hiyo tumia kokoto ndogo na zege laini, kisha gonga bomba kwa nyundo jirani na kila bolti, ukisikia sauti tupu kuna uwazi, na zege ambalo halipo halibebi kitu.

Kingine kinachosahaulika: mzigo wa bimu unaingia kwenye chuma, sio kwenye zege. Eurocode 4 (kanuni za chuma na zege vikibeba pamoja) inakupa mshikamano wa kuteleza kati ya chuma na zege N/mm² 0.40 tu kwa bomba la mstatili au mraba, 0.55 kwa la duara. Hizo bolti za kupita zinasaidia kuupeleka mzigo ndani, ila piga hesabu, usikisie.

Na matundu ya mvuke, angalau mm 20, moja chini moja juu kila ghorofa, yasiachane zaidi ya mita 5. Moto ukiwaka maji ya kwenye zege yanageuka mvuke na bomba lililofungwa kote linapasuka, kwa hiyo mwambie na fundi rangi asiyazibe.