Mambo ya kuweka tayari kabla ya kununua gari la Kijapani la kukaa nalo

Toyota Fielder yangu iliundwa 2007. Nilipoichukua 2014 mita ilisoma kilomita 84,000, na leo asubuhi imesoma 291,000. Injini yake haijawahi kufunguliwa. Kila mwezi hunitoa Nakuru hadi nyumbani Maseno, kupitia Kericho na Kisumu, na kunirudisha. Walimu wenzangu husema nilibahatika. Lakini kabla yake nilikuwa na Toyota 110, gari ambalo kila fundi wa hapa atakuapia kwamba halifi, nami nililiua kwa miaka minne. Yote mawili yalitoka Japani, na yote ni Toyota. Kilichobadilika ni maandalizi, na hayo ndiyo ningependa kumweleza yeyote anayehesabu akiba yake sasa akiwaza kununua gari la kudumu.

Kwanza elewa lile gari limezoea maisha gani. Japani gari la mtu binafsi hupelekwa ukaguzi wa lazima, wenyewe huuita shaken, linapotimiza miaka 3 tangu lisajiliwe likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2. Sheria yetu ya Kenya inakataa gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo mengi yanayotua Mombasa yana miaka sita au saba, na miaka yote hiyo yametunzwa kwa tarehe. Yakifika kwetu yanaanza kutunzwa kwa kelele. Hatufungui boneti mpaka tusikie kitu kinagonga. Kabla hujalipa hata shilingi moja, amua kama uko tayari kuendelea na tarehe, kwa sababu kila kitu ninachoeleza hapa kinategemea uamuzi huo.

Halafu pesa. Ukiwa na laki tisa, usitafute gari la laki tisa. Sehemu moja ya kumi iache kwenye sacco na usikubali ushawishi wa muuzaji ukaigusa. Ndani ya miezi mitatu ya kwanza itaingia garini yote: oili ya injini na ya giaboksi, filta, plagi, betri, padi za breki, na mara nyingi matairi. Tairi lina tarakimu nne pembeni zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Ukikuta tairi lina kashata nene nzuri lakini lina miaka minane, hilo ni la kubadilisha. Mengine huja na matairi laini ya theluji, ambayo kwenye lami ya moto ya Kisumu huisha upesi. Na ukiona matairi hayo, lala chini uangalie tumbo la gari kwa tochi. Maeneo yenye theluji nyingi kama Hokkaido humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na kutu yake huanzia chini, mahali ambapo rangi inayong'aa ya yadi haifiki.

Kuhusu aina ya gari, watu hubishana sana, lakini mimi hutazama spea kwanza. Injini ya 1NZ ya sisi 1500 iko kwenye Fielder za umri wangu, Axio, Probox za zamani na magari mengine kadhaa, ndiyo maana spea zake hukosi Nakuru wala Kisumu, mpya au za kutoa kwenye gari jingine. Tena inatumia cheni ya taimingi, ile inayoendesha valvu kwa wakati wake. Gari linalotumia mkanda, kama 110 yangu au Forester nyingi za zamani, si baya, ila mkanda wake una mwisho. Watengenezaji wengi husema kilomita 100,000. Kwenye baadhi ya injini, ukikatika safarini pistoni hugonga valvu na huna injini tena. Kwa hivyo kama unanunua la mkanda, bei ya mkanda mpya, rola zake na pampu ya maji iwe tayari imo kwenye ile sehemu moja ya kumi. Andika pia namba ya modeli iliyo kwenye kibati, kama NZE141, maana ukienda dukani ukasema tu "Fielder" utapewa kitu cha Fielder nyingine.

Sasa kilomita. Mwaka juzi nilimsindikiza mdogo wangu kwenye yadi moja kuangalia Axio. Mita ilisoma 61,000 na kidogo. Gari lilikuwa safi, viti vinanukia. Nilifungua mlango wa dereva nikainama kuangalia fremu, karibu na bawaba, kwa sababu gereji za Japani hubandika hapo kikaratasi kila zinapobadilisha oili. Kilikuwa kimebanduliwa vibaya, kona moja imebaki, na juu ya kona hiyo kwa kalamu ya bluu: R3.10, chini yake 97,8, halafu karatasi ikawa imechanika. R ni Reiwa, enzi ya mfalme wao wa sasa iliyoanza 2019, kwa hivyo R3 ni 2021. Kukiwa na H, ni Heisei, na H30 ni 2018. Gari lililokuwa limekaribia kilomita 98,000 mnamo Oktoba 2021 haliwezi kuwa na 61,000 leo. Mdogo wangu alinitazama tu. Tuliaga, tukaondoka.

Omba pia karatasi ya mnada ambako gari liliuzwa Japani. Ina mchoro wa gari na herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni paneli iliyobadilishwa, S ni kutu. Daraja la 4 au 4.5 ni gari lililotunzwa vizuri. Daraja la R maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa. Gari la R si lazima ulikatae, lakini hulinunui kwa bei ya 4.

Hapa kwenye maji ya kupoza injini nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipopotezea gari langu. Ile 110 ilianza kupandisha joto kidogo nikitoka mjini. Fundi wa mtaani akafungua, akatoa kidude cha shaba kinachotoshea kiganjani, akakitupa kwenye ndoo. "Mwalimu, hii themostati ni ya nchi za baridi," akaniambia, "huku kwetu haina kazi." Nilimwamini. Rejeta tukaijaza maji ya bomba. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Ukipanda kwenda Mau Summit yanachemka mapema zaidi. Tena maji yetu mengi ya visima yana madini tele, floridi yake inajulikana kwa madoa ya kahawia inayoacha kwenye meno ya watoto wetu, na madini ya maji huganda ndani ya mifereji myembamba ya rejeta.

Bila themostati injini ilikuwa inatembea baridi, inakunywa petroli, na mimi nikifurahi kwamba sindano ya joto haipandi. Kumbe ndani kutu ilikuwa inaila pampu. Jumapili moja ya Desemba 2013 nikitoka Maseno na familia, mlima wa kutoka Awasi kwenda Kericho, karibu na Kapsoit, sindano ilipanda mara moja na moshi mweupe ukajaa kioo cha nyuma. Gasketi ya hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ilikuwa imeungua na hedi imepinda. Fundi wa Kericho alipolegeza bomba la chini la rejeta, kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai iliyochemka mno, na chini ya karai kukabaki matope mekundu. Pampu alipoitoa, mapanga yake yalikuwa yamelika mpaka nikaweza kuyavunja kwa kidole.

Themostati hufunga mpaka injini ipate joto lake, kwenye Fielder ni kama nyuzi 82, kisha hufunguka. Huko Japani kuna joto kali la Agosti na themostati haitolewi. Ukinunua gari, muulize fundi aihakikishe kwamba ipo, na kama haipo irudishwe. Mwage maji yote ya zamani, suuza, jaza kulanti, yaani dawa ya kupoza injini. Kama ni ile nzito ambayo haijachanganywa, ichanganye na maji yaliyosafishwa yale ya betri, nusu kwa nusu. Badilisha pia kifuniko cha rejeta. Ni kitu cha bei ndogo, lakini mpira wake na springi ndivyo vinavyobana mgandamizo, na mgandamizo huo ndio unaozuia maji kuchemka mlimani. Kamwe usikifungue injini ikiwa moto.

Giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na hatua za gia, nayo ina masharti yake. Watu huilaumu, lakini nyingi nilizoziona zikifa ziliwekewa oili ya giaboksi ya kawaida. Toyota wana CVT Fluid TC na CVT Fluid FE, Nissan wana NS-2 na NS-3, na hazibadilishani kwa kukisia. Soma kitabu cha gari au kilichoandikwa kwenye kijiti cha kupimia. Mimi hubadilisha yangu kila kilomita 40,000, na ya injini kila 5,000. Mafuta ya breki kila miaka 2, kwa kuwa hunyonya unyevu, na unyevu huo ukichemka kwenye mteremko wa Sachangwan kuelekea Salgaa, kanyagio la breki linazama bila kushika. Kabla hujasafiri njia hiyo na gari jipya kwako, jifunze gia yake ya kushukia. Iko hapo kwenye lever, imeandikwa B, S au L, na wenye magari wengi hawajawahi kuigusa.

Barabara zetu zitakushawishi kuinua gari kwa speisa, vile vipande vinavyoongezwa kwenye springi na shoko. Fielder iko sentimita 15 hivi tu kutoka chini, naelewa kishawishi hicho. Speisa ndogo ya fundi anayejua haina neno, lakini ukizidisha, draivushafti, yaani vyuma vinavyozungusha magurudumu, zinakaa kwa pembe ambayo hazikuundiwa, mipira yake inachanika, vumbi linaingia kwenye grisi, na baada ya miezi unasikia ka-ka-ka kila ukikata kona. Mimi nilichagua bushi na shoko mpya badala yake. Na mvua za Aprili zikijaza Nyando mpaka barabara ya Ahero ikafunikwa, ngoja. Mdomo wa kuvutia hewa uko mbele. Injini ikimeza maji, hayakandamiziki kama hewa, na fimbo za pistoni hupinda. Likizimika ndani ya maji usiliwashe tena, sukuma.

Vumbi ni la mwaka mzima kwetu Nakuru. Wamaasai walioupa mji jina hilo, husemwa, walimaanisha mahali pa vumbi. Filta ya hewa itoe kila mwezi uione.

Makaratasi hayana mengi. Tafuta rekodi ya gari kwenye eCitizen kwa namba yake kabla ya kulipa, uone mwenyewe ni nani na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa pamoja naye. Uhamisho wa umiliki uanzishwe na muuzaji ukiwa umekaa naye, usiahidiwe kesho.

Lililo gumu zaidi ni fundi, na fundi atafutwe kabla ya gari. Mimi nilienda kwa wangu mara mbili bila gari lolote, nikakaa kwenye tairi kuukuu nikimtazama akifanya kazi. Niliona anafunga nati za magurudumu kwa mkono kwanza kabla ya kutumia spana kubwa, na spea alizozitoa anamwonyesha mwenye gari. Nikampa namba yangu ya simu siku hiyo. Ndiye aliyenisindikiza kuikagua Fielder, na nilimlipa kwa siku yake nzima, hata ingekuwa tungelikataa gari lile. Alipofika alitaka injini iwe baridi. Muuzaji alikuwa ameshaiwasha, fundi akasema tungoje, tukangoja saa mbili.

Nunua daftari gumu, liwekwe kwenye droo ya dashibodi. Kila kinachofanyika kiandikwe: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, aina ya oili. Langu la kwanza limejaa. Mwanangu alipoanza kuliendesha gari, nilimpa daftari kabla ya kumpa gari, akasoma kurasa zote, akaniuliza kwa nini kifuniko cha rejeta kimebadilishwa mara tatu.

Na kabla hujatoka yadi, uliza ufunguo wa pili. Magari mengi ya kutoka Japani hufika na mmoja tu. Kutengeneza wa pili ukiwa na wa kwanza mkononi ni kazi ya muda mfupi kwa mafundi wa funguo hapa mjini, wanausoma kwa mashine na kuunakili. Ukipotea huo mmoja, gari litabebwa kwa breki-dauni hadi kwa mtu atakayezungumza upya na kompyuta yake. Wangu wa pili uko kwa mama, Maseno, kwenye kikombe cha bati juu ya kabati.