Jinsi ya Kusoma Ukuaji wa Mfupa Katika Eksirei ya Kiganja cha Mtoto

Ukitaka kuelewa mfupa unavyojengwa, chukua picha ya eksirei ya kiganja cha mtoto wa miaka 6 au 7, ambayo kwa desturi huwa ya mkono wa kushoto, uanze kuitazama kwenye mifupa ya vidole. Katika kila mfupa wa kidole, kwenye ncha iliyo upande wa kiganja, utaona mstari mweusi mwembamba unaotenga kipande kidogo kilichokaa kama kifuniko cha chupa. Asiyezoea hudhani mtoto amevunjika. Hajavunjika: pale pana gegedu, yaani tishu ngumu kiasi lakini inayonyumbuka kama ya sikio, lisilo na madini ya kutosha kuonekana, na ndipo mfupa unapoongezeka urefu.

Mifupa mingi huanza tumboni mwa mama ikiwa gegedu tupu, ingawa ile bapa ya fuvu huota moja kwa moja kutoka kwenye utando. Ndani ya mstari ule, seli za gegedu hujipanga mithili ya sarafu zilizorundikwa moja juu ya nyingine. Huzaana, huvimba, kisha gegedu linalozizunguka hushika madini na nyingi kati yake hufa. Hapo mishipa ya damu hupenya pamoja na seli wajenzi, zinazotandika mfupa juu ya mabaki hayo, huku seli nyingine zikimumunya kilichozidi. Unene huongezwa na utando unaoufunika mfupa kwa nje.

Sasa shuka kwenye kifundo cha mkono uhesabu vijifupa. Mtu mzima anavyo 8, lakini kwa mtoto mchanga kwa kawaida hakionekani hata kimoja. Viwili vya kwanza hujitokeza katika miezi ya mwanzo ya maisha. Mlinganishe msichana na wasichana wenzake, kwa kuwa mifupa yao hukomaa mapema kuliko ya wavulana.

Mifupa ikionekana michanga sana kuliko umri, daktari hufikiria, miongoni mwa mengine, upungufu wa homoni ya ukuaji au ya tezi ya thairoidi. Mstari ukifutika, urefu umekoma, na kinachoufunga ni estrojeni, hata kwa wavulana. Jambo hili linastahili kutiliwa mkazo, maana wengi huihesabu homoni hiyo kuwa ya wanawake peke yao. Mwaka 1994 madaktari walieleza habari za mwanamume wa miaka 28, mwenye urefu wa sentimita 204, ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni: mistari yake ilikuwa bado wazi, naye alikuwa bado anarefuka.

Mwisho, kagua ukingo wa mstari. Vitamini D ikipungua mno, gegedu huendelea kurundikana bila kushika madini, hivyo mstari hupanuka na ncha ya mfupa hubonyea kama kikombe chenye kingo zilizochanika. Huo ndio ugonjwa wa matege, wa mifupa kuwa laini. Matibabu yakishika, alama ya mapema katika picha ni uzi mweupe wa madini unaorudi kwenye ukingo huo.